Nilivyoaibika mara mbili kwenye injini moja

Nilikuwa na miaka minane kwenye kuchomelea, na mtu wa miaka minane hujiona hakuna chuma kitakachomshinda. Mageti, matela, fremu za pikipiki, chesisi za malori, vyote vilipita mikononi mwangu vikatoka vimeshikana. Gundi nilikuwa naiita dawa ya viatu. Mteja akiniletea kifaa kilichobandikwa kwa gundi, nilikibandua kwa bisibisi mbele yake, tena polepole, ili aone vizuri.

Siku hiyo ililetwa pikapu kuukuu ya mizigo. Mwenyewe alikuwa amechoka. "Fundi, kila siku naongeza maji kwenye rejeta na sioni yanakokwenda." Tuliposugua ubavu wa injini kwa brashi ya waya tukayaona yanakokwenda. Ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole cha kati, kwenye ukuta wa nje wa bloku, lile pande kubwa la chuma ambalo ndilo mwili wa injini, pale ambapo kwa ndani maji ya kupoza hupita. Injini ikiwa baridi huoni kitu. Ikipata moto ufa unatoa jasho, jasho linakuwa tone, tone linadondokea kwenye ekzosi na kukauka kabla halijafika chini. Ndiyo maana hakuwa anaona alama yoyote alikoegesha.

Bloku ilikuwa ya chuma cha kalibu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa. Hilo nililijua. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye bado tulikuwa gereji moja, aliinama akatazama, akanyanyuka akishika kiuno. "Hiyo usiitie moto, kijana."

Nikamwambia nitautia kidogo tu.

Nilichukua vijiti vya kawaida, vya chuma laini, vilevile nilivyokuwa natumia kwenye mageti. Nikatoa maji, nikang'arisha ufa, nikachomelea. Na niseme ukweli, mshono ulikuwa mzuri. Ulilala kama magamba ya samaki, hauna tundu, hauna kovu. Nikavua ngao, nikarudi nyuma hatua mbili, nikamwangalia Mzee nikingoja aseme kitu. Hakusema. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango.

*Tik.*

Mlio mdogo, kama ukucha ukigonga bilauri. Kisha ukaja mwingine. Nilipokaribia nikakuta mshono wangu uko palepale, mzima kabisa, na kando yake, upana wa kidole kutoka ulipo, ufa mpya umefunguka, mrefu kuliko ule wa kwanza, unaelekea kwenye tundu la bolti. Nikiwa bado nautazama ukatoa *tik* nyingine na kusogea mbele kidogo. Sijawahi kuona aibu inayotembea kwa miguu yake kama ile.

Mzee alinieleza baadaye, bila kunicheka, jambo ambalo liliniuma zaidi. Chuma cha kalibu kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2 na 4, wakati chuma laini cha mageti hakifiki hata robo yake. Ukikiyeyusha kwa moto mkali sehemu moja ndogo, kaboni ile inaufanya mpaka wa mshono kuwa mgumu na wa kuvunjika kama kigae. Halafu sehemu ile ikipoa inajikunja, inavuta. Chuma laini kikivutwa kinakubali kunyooka. Kalibu haijui kunyooka. Ikivutwa inapasuka.

"Kwa hiyo haichomelewi kabisa?" nikauliza.

"Inachomelewa. Kwa vijiti vya nikeli, baada ya kuipasha moto yote. Unashona kipande kifupi, unakigonga kwa nyundo kingali cha moto, unangoja, unashona kingine. Kisha unaifukia kwenye majivu au mchanga ipoe polepole, hata siku nzima." Akaionyesha injini iliyokuwa bado ndani ya gari, na waya na mipira yake yote. "Utaifukia vipi hiyo?"

Akaenda kwenye kabati lake akarudi na kijisanduku chenye mirija miwili. Epoksi, gundi ya kuchanganya. Nilimtazama kama mtu aliyemfumania imamu na chupa.

"Unadhani mlango wa gari umeshikwa na moto peke yake?" akasema. "Bati la nje na la ndani pale kwenye kingo lina gundi. Kiwandani wanabandika, wewe unakataa."

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kusaga mshono wangu mwenyewe kwa grenda. Niliusaga wote isipokuwa magamba mawili ya mwisho, ambayo grenda haikuyafikia kwa sababu ya bomba. Kisha tukatafuta ncha za ufa, maana macho huzikosa siku zote. Mzee alipaka mafuta ya taa kwenye chuma, akangoja, akayafuta mpaka pakakauka, akapaka unga wa chaki. Dakika chache baadaye mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kupanda kwenye chaki, na mstari ukajichora wenyewe, mweusi juu ya weupe, ukiwa umepita pale nilipodhani unaishia kwa karibu sentimita nzima. Kwenye kila ncha tukatoboa tundu la milimita 3, ili ufa ukifika pale ukose pa kwenda. Tukauchimba njia ya umbo la V.

Halafu kusafisha. Nilizoea kuchomelea juu ya rangi, juu ya kutu, juu ya grisi ikibidi, moto unakula. Gundi haili kitu. Tulifuta kwa asetoni, kitambaa kikatoka cheusi. Tukafuta kwa kitambaa kingine, kikatoka cha kahawia. Tukapasha pale joto kidogo na kalibu ikatoa mafuta iliyokuwa imeyanywa kwa miaka, yakatokeza kama chunusi. Tukafuta tena. Ilichukua nusu ya alasiri mpaka kitambaa cheupe kikarudi cheupe, na hapo nikanyoosha kidole nipapase. Mzee akanipiga mkono. "Kidole chako ni mafuta. Tunaanza upya." Na kweli tulianza upya.

Kuchanganya na kupaka hakukufika dakika kumi. Mrija mmoja mweusi, mwingine mweupe, sawa kwa sawa, unakoroga mpaka isibaki michirizi, rangi moja ya majivu. Tabaka la kwanza jembamba unalisugulia kwenye chuma kwa nguvu kama unapiga dawa ya viatu (alilisema yeye hilo, na najua kwa nini), kisha unajaza. Gari likalala siku nzima, saa 24, bila kuguswa.

Tulipotia maji na kuwasha, nilikaa nimechuchumaa na tochi kwa saa nzima. Kavu. Hesabu yake si ngumu ukiifikiria. Maji ya kupoza injini hukaa karibu na nyuzi joto 90, na mfuniko wa rejeta huruhusu shinikizo la kama pauni 13 hadi 16 kwa inchi ya mraba. Gundi ile ilikuwa na unga wa chuma ndani yake, na maandishi ya sandukuni yaliipa nyuzi 120. Ukuta ule haubebi uzito wa mtu yeyote. Unazuia maji, basi.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mimi nikishaokoka huwa naokoka kupita kiasi.

Wiki chache baadaye pikapu ileile ilirudi, safari hii braketi ya alteneta, kishikizo cha ile mashine inayochaji betri, imekatika katikati. Bati nene la chuma cha kawaida, kama milimita 4, chuma ambacho ningekichomelea nimefumba jicho moja. Mzee hakuwepo. Na mimi kichwani nilikuwa na mirija miwili. Nikasafisha kwa asetoni kama nabatiza mtoto, nikachanganya mpaka rangi moja, nikaunga ncha kwa ncha, nikaongeza kibonge juu, nikasubiri saa zangu 24. Ilikuwa imara mkononi. Niliivuta, niliipinda, haikutikisika.

Mwenyewe alinipigia siku ya tatu akiwa njiani, kelele za magari nyuma yake. Mkanda wa feni umeruka, taa ya betri inawaka, injini inachemka.

Braketi ilikuwa imeachana palepale kwenye gundi, safi, kana kwamba ncha zake hazikuwahi kujuana. Mzee aliigeuza mkononi. Eneo lililoshikwa lilikuwa dogo kama ukucha, na mkanda unavuta upande mmoja na injini inatetema wakati wote. Gundi ukiivuta kwa kutelezesha, bati juu ya bati, inakaza sana. Ukiibandua kutoka ukingoni kama stika, inaanza kuachia mahali padogo na pengine panafuata. Mimi niliifanyia hilo la pili mara elfu kwa dakika.

"Hii," akasema Mzee, "si ilikuwa dakika tano za moto?"

Safari hii alicheka, na mwenye gari naye akacheka, ingawa si kwa moyo wote.

Nikafungua waya za betri, nikashusha alteneta nisije nikaiunguza kwa umeme wangu, nikaikaza braketi kwenye jiliwa. Nilisaga mabaki yote ya gundi kwanza, kwa kuwa ikiungua inatoa moshi mbaya, na mshono ungejaa matundu. Nikashona pande mbili na kuongeza kipande cha pembeni. Sikuhitaji hata kumtazama mtu.

Mwenye gari alisimama nyuma yangu nilipokuwa nafunga boliti ya mwisho. "Fundi, na hii itakaa?" Nikamwambia itakaa. Akanyamaza kidogo. "Na ile ya kule?"

Nikazunguka na tochi upande wa pili wa injini. Kibandiko cha rangi ya majivu kilikuwa kimeshika vumbi, na vumbi lilikuwa kavu. Pembeni yake, chini ya bomba, yale magamba yangu mawili ya samaki yalikuwa yameanza kutu.