Maji Yanayojaa na Kanuni ya Kalkulasi

Mpwa wangu aliye kidato cha nne alinijia juma lililopita na swali ambalo kila mwanafunzi angepaswa kuliuliza: "Mjomba, tumeambiwa integresheni, yaani kutafuta eneo, ni kinyume cha diferensiesheni, yaani kutafuta mteremko, lakini mteremko wa mstari wa grafu na eneo lililo chini yake vina uhusiano gani?" Kanuni alikuwa ameihifadhi barabara, ila sababu yake hakuwa ameelezwa, nami sikutaka alale bila kuijua.

Tulishuka hadi ufukweni hapa Amu, siku ya bamvua, maji yakianza kujaa, tukasimamisha kando ya gati ufito wa mkoko tuliokuwa tumeutia alama za sentimita. Kila nusu saa alisoma kina: 40, 52, 71, 97. Nikamwambia atafute tofauti ya kila kipimo na kinachofuata, akapata 12, 19 na 26, yaani kiasi ambacho maji yalipanda katika kila nusu saa. Kisha nikaifunika safu ya kwanza kwa kiganja, nikamtaka azijumlishe tofauti hizo. Zilifika 57, ambayo ndiyo tofauti ya 97 na 40. Kutoa kulizaa kasi. Kujumlisha kasi kukarudisha kina. Hata hivyo, mwenye 12, 19 na 26 peke yake hawezi kujua kwamba maji yalianzia 40, na hiyo ndiyo namba ya kudumu inayoongezwa mwishoni mwa kila integresheni, ambayo wengi huiandika kwa kuogopa kukatwa maksi tu.

Nusu saa, bila shaka, ni muda mrefu, kwa kuwa kasi hubadilika ndani yake. Muda huo ukifupishwa bila kikomo, tofauti iliyogawanywa kwa muda huwa mteremko, na jumla ya vipande vyembamba huwa eneo.

Tulichora mstari wa y = 2x kwenye daftari. Eneo la pembetatu iliyo chini yake, kuanzia sifuri hadi x, ni x². Tukausogeza ukingo wake kutoka 3 hadi 3.01: eneo likatoka 9 hadi 9.0601. Ongezeko la 0.0601 ukiligawanya kwa 0.01 unapata 6.01, karibu kabisa na 6, ambacho ndicho kimo cha mstari pale kwenye 3. Kipande kilichoongezeka ni utepe mwembamba, na eneo la utepe ni kimo mara upana. Kwa hiyo kasi ya kukua kwa eneo haiwezi kuwa kitu kingine ila kimo chenyewe. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote.

Mwanahisabati Mwingereza Isaac Barrow aliueleza uhusiano huu kwa njia ya jiometria katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1670, lakini wanahisabati wenzake Newton na Leibniz ndio walioufanya kuwa chombo cha kufanyia hesabu. Alama aliyoiandika Leibniz mwaka 1675, ∫, ni herufi S iliyorefushwa ya neno la Kilatini summa, yaani jumla, na d yake, ile ya diferensiesheni, yatokana na differentia, yaani tofauti.

Tulikaa gatini hadi maji yakajaa pomoni. Tofauti zilishuka hadi 14, kisha 5, na hatimaye mpwa wangu akaandika sifuri katika safu ya pili, mkabala na kina kikubwa kuliko vyote vya siku ile.