Ngazi ilianguka, mimi nikabaki juu

Jumamosi nilipanda ngazi kusafisha mfereji wa maji ya mvua pale ukingoni mwa paa. Ndoo mkono mmoja, ngazi nimeiegemeza karibu wima kwa sababu nafasi ilikuwa finyu. Nilipojinyoosha kufikia majani ya pembeni, mguu mmoja wa ngazi ukanyanyuka. Nikawahi kushika paa. Ngazi ikaenda chini, nikabaki nikining'inia hadi mke wangu aliposikia kishindo akaja kuisimamisha. Sitasahau uso wake.

Kifundo cha mkono kimeteguka, lakini namshukuru Mungu niko mzima.

Jamani, kwa kila mita 4 za kwenda juu, vuteni kitako cha ngazi mita 1 kutoka ukutani. Miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja, viwe kwenye ngazi muda wote; vifaa vivutwe kwa kamba. Na usijinyooshe! Shuka, isogeze, panda tena. Inachosha, najua, ndiyo maana mimi sikushuka. Penye nyaya za umeme karibu, ngazi ya chuma au alumini usiipeleke kabisa.

Majani bado yapo. Nikipona tutayatoa wawili, mmoja akishika ngazi.