Kitabu cha Afande

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tunasoma Luka 3:10-14. Nilikuwa nimeandaa somo lingine, lakini tangu tumzike Afande, yule polisi wetu mstaafu, Jumamosi, hili halijaniacha. Familia imeniomba nisiandike jina. Mliozoea kukaa naye lile benchi la nyuma, karibu na mlango, mnajua ninamsema nani.

Yohana yuko Yordani anabatiza. Makutano wanamwuliza wafanye nini, kisha watoza ushuru, na mwisho kabisa askari nao: sisi je? Mimi ningewaambia watafute kazi nyingine. Yohana hakuwavua magwanda. Aliwaambia wasidhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Hakuna hata moja hapo la kufanywa hekaluni. Yote ni mambo ya kazini, siku ya Jumatatu.

Nilipomwuliza Afande kuhusu fungu hili alicheka. "Hayo mawili ya kwanza unayaweza, mchungaji. Hilo la mshahara ndilo lenye meno." Alikuwa na watoto wanne, karo kila muhula, na kwa miaka kadhaa waliishi kwenye laini ya polisi, chumba kimoja familia mbili, katikati wametundika shuka. Mama watoto anasema walijifunza kugombana kwa kunong'ona.

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu walipokimbilia uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, alikuwa zamu langoni. Wa kabila lake walimwita msaliti, na waliokuwa ndani hawakuiamini sare yake. Hakupenda kuisimulia habari hiyo, nami sitaipamba.

Ila nisimfanye malaika. Siku moja nilihubiri juu ya Kornelio, yule akida wa Kaisaria katika Matendo 10, mcha Mungu "pamoja na nyumba yake yote". Afande alitoka nje kabla ya sadaka. Nilidhani anaumwa. Jioni alinipigia: "Hiyo nyumba yake yote, mchungaji, ilinichoma." Uhamisho ulikuwa umempeleka Lodwar, kisha Mandera, na familia ikabaki huku. Binti yake wa pili alikua akimwita Afande kama majirani walivyomwita, kwa sababu hakuwa na jina lingine la kumwita mtu anayekuja Krismasi na kuondoka.

Alipostaafu alirudi nyumbani akiwa na miaka 60, na hakujua kukaa nyumbani. Viatu vya wajukuu vilipangwa mstari kama gwaride. Ndipo akanunua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula, akaanza kuandika kama OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni. Yule binti wa pili ndiye aliyetusomea kaburini.

"Saa 1810. Mama watoto amefika kutoka Soko la Wakulima. Yuko salama."

"Saa 2100. Watoto wamepiga simu, isipokuwa wa pili."

Tulicheka mwanzoni. Akafungua ukurasa mwingine: isipokuwa wa pili. Mwingine: isipokuwa wa pili. Miezi kadhaa hivyo, bila neno la lawama, mwandiko ule ule wa kituoni. Kicheko kikaisha chenyewe. Halafu akasoma:

"Saa 1522. Nimempigia wa pili mimi mwenyewe. Nimemwomba msamaha kwa miaka ya Lodwar. Hajajibu. Hajakata simu."

Hakuweza kuendelea, kaka yake akamshika mkono.

Nimekuwa nikijiuliza ni lini mzee huyu aliacha kumwuliza Yohana "tufanye nini" juu ya kazi peke yake, akaanza kuuliza juu ya nyumba. Nadhani ni jioni ile ya Kornelio, ingawa yeye angesema niache kumtafutia ushahidi.

Tuwakumbuke katika maombi wiki hii, hasa saa tatu usiku. Ndiyo saa ambayo wa pili sasa anapiga simu kwa mama yake. Kitabu hakijafungwa. Jana nilipopita kuwajulia hali niliona mama ameandika kwa kalamu ya penseli, polepole: "Saa 1640. Mchungaji amefika. Amekunywa chai vikombe viwili. Hajasema anaondoka saa ngapi."