Uvinza kwa miguu: machimbo ya kale ya chumvi ukingoni mwa Ruchugi

Kwenda Uvinza, mkoani Kigoma, kuona machimbo ya kale ya chumvi ni safari ya kiangazi. Chemchemi zenyewe ziko kandokando ya mto Ruchugi, karibu na mahali mto huo unapoingia mto Malagarasi, na mvua zikishika mto hupanda na kuzifunika. Ndiyo maana nilikwenda Agosti, nyasi zimelala na ardhi inasomeka.

Kutoka Kigoma mjini nilipitia Kidahwe, mwendo wa kilomita zaidi ya 100. Anayetoka Tabora ana treni ya Reli ya Kati, inayosimama Uvinza penyewe. Aulize saa stesheni siku moja kabla, maana ratiba hubadilika.

Kabla ya kutembea kuna ruhusa. Kiwanda cha chumvi bado kinafanya kazi, na sehemu ya chemchemi imo ndani ya eneo lake. Nilianza kwa mtendaji wa kijiji, nikaenda getini, kisha nikatafutiwa mzee mwenyeji wa kunitembeza. Huyo mwenyeji usimwache hata kama una ramani kwenye simu, kwa sababu ramani haijui wapi pananyanyua mguu na wapi panaumeza.

Mzigo wangu ulikuwa mdogo: maji ya kunywa lita 4, mabuti ya mpira yanayokaribia goti, na fimbo ya mita moja na nusu. Viatu vya ngozi viache nyumbani. Vikilowa maji ya chumvi na kukauka, chumvi huganda ndani ya nyuzi na kukata mshono, na misumari huota kutu. Nguo ziwe za rangi ya udongo. Bluu iliyoiva na nyeusi huvuta mbung'o, nao wapo kwenye miombo ya huku.

Fimbo ndiyo kifaa chenye kazi kubwa. Ukingoni mwa chemchemi ardhi huvaa gamba jeupe, gumu kama ugali uliolala, na mtu hudhani pamekauka. Chini yake tope bado ni bichi, kwa kuwa maji yanaendelea kupanda kutoka ardhini na gamba linayazuia yasikaushwe na jua. Nilichoma fimbo kabla ya kila hatua: ikizama shibiri moja, nazunguka. Nyeupe ya unga hubeba mtu. Ya kijivu inayong'aa haibebi.

"Shikamoo mzee, hapa panakanyagika?"

"Marahaba. Fuata nyayo za ng'ombe, mwanangu, lakini za jana. Za leo hazijakuonyesha kama alitoka."

Mgeni akitazama mbali atatafuta majengo. Mimi namshauri atazame chini, kwa sababu utajiri wa Uvinza ni vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Sutton na mwanahistoria Roberts walichimba hapa wakakuta meko, mashimo yaliyokandikwa udongo, na vigae vya vyungu tabaka juu ya tabaka, vya chini kabisa vikiwa vya karne ya 5 au ya 6. Hiyo ni miaka mingi mno kabla ya misafara ya biashara ya Ujiji ya karne ya 19.

Kazi ilikwenda hivi. Maji yalitekwa chemchemini, yakachemshwa kwenye vyungu juu ya mafiga, na kila yalipopungua yakaongezwa mengine. Chumvi ikianza kutuama, moto lazima upunguzwe. Usipopunguzwa, chumvi hushikana chini ya chungu, maji hayagusi tena udongo, joto linakuwa kali upande mmoja na chungu kinapasuka. Tena chumvi huingia kwenye vitundu vya udongo na kuugandua kutoka ndani, hivyo hata chungu kilichotunzwa hakikuishi sana. Ukielewa hilo hushangai kwa nini vigae ni vingi hivi.

Hesabu ya kuni nayo inaeleza msimu. Maji yaliyokolea chumvi hadi mwisho hubeba kama gramu 310 kwa lita, yaani kilo moja ya chumvi inataka lita 3 na kidogo, na kwa mafiga ya kawaida nakadiria kuni kavu kilo 3 hivi. Mvua ikiyazimua yabaki na nusu ya ukolevu, maji ya kuchemsha yanazidi maradufu na kuni vivyo hivyo. Kwa hiyo watu walikuja kiangazi, kutoka Buha, Unyamwezi na kwingine, na watawala wa Wavinza walichukua fungu lao. Watawala hao hao walishika vivuko vya Malagarasi: wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, mwaka 1858, na Stanley naye mwaka 1871.

Wajerumani walipokuja walijenga kiwanda, mahali wakapaita Gottorp, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi ikapata mabehewa badala ya mabega. Sehemu hiyo ya historia nilipita haraka.

Kigae ukikiona, kiache kilipo. Piga picha ukiweka kalamu kando yake kuonyesha ukubwa. Kikishaondolewa kwenye tabaka lake hakisemi tena ni cha karne gani, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba bila leseni.

Ukitaka kuona mito inapokutana, nenda asubuhi na usisogelee maji. Malagarasi ina mamba na viboko, na kiboko aliye nchi kavu hukimbilia mtoni. Ukisimama kati yake na maji, umemzibia njia. Sisi tuliishia kwenye tuta la juu, tukarudi kwa njia ile ile kabla ya saa tano. Kijijini niliosha mabuti na fimbo kwa maji baridi ya kisima, na kufuta simu kwa kitambaa chenye unyevu kabla chumvi haijaganda kwenye tundu la chaji.