Paneli juani, Noah kivulini

Kazi yangu ni kupiga picha na video za sherehe, na ninazozipenda kuliko zote ni zile za kutoa wali, yaani wasichana waliochezwa unyago, na vijana wa jandoni. Hufanyika vijijini huku kusini mwa Tanzania, Newala, Tandahimba, mpaka Nachingwea, baada ya mavuno. Ngoma inaanza jioni, inakesha, na asubuhi ndiyo wali wanatoka na kanga mpya, ndugu wakiwatunza. Mpiga picha aliyekwenda kulala mjini kakosa kila kitu. Kwa hiyo niling'oa viti vya nyuma vya gari langu, Toyota Noah, nikapiga kitanda cha mbao, na sasa nalala palepale uwanjani.

Vijana wenye kazi kama yangu wananiuliza umeme naupata wapi. Swali la kwanza huwa "sola ya wati ngapi?", nami huwarudisha nyuma: kwanza fahamu unatumia umeme kiasi gani kwa siku. Laptopu yangu inakula wati 50, naifanyia kazi saa tatu, hiyo ni saa-wati 150. Betri nne za kamera, 60. Feni ndogo ya volti 12 usiku kucha, 120. Taa na simu mbili, 55. Jumla 385, na ukiongeza kinachopotea njiani, weka 460. Paneli ya wati 150, kwa jua letu zuri la muda wa saa tano kwa siku, nakadiria inanipa kama 560. Inatosha, na inabaki kidogo.

Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, sikununua. Inveta ikiwashwa tu, hata bila kuchomekwa kitu, inaweza kula wati 10. Iache usiku na mchana, umepoteza 240, zaidi ya laptopu yenyewe. Laptopu yangu inachaji kwa Type-C, kwa hiyo nilinunua chaja ya gari ya wati 65. Chaja ya betri za kamera nayo inakubali USB. Kila kitu kinatoka moja kwa moja kwenye volti 12.

Hela iliyookolewa hapo iende kwenye betri. Betri yangu ilikula zaidi ya nusu ya bajeti na sijuti. Betri ya maji ya Ah 100 (saa-ampea, kipimo cha ujazo wa betri) ina kama saa-wati 1200, lakini ukitaka idumu usishuke chini ya nusu, na inakaribia kilo 30. Ya lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4, ina 1280, unatumia karibu yote, na ina kilo kama 12. Mimi inanivusha siku mbili za mawingu. Betri ya kuwashia gari usiifikirie kabisa kwa kazi hii: imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiikamua mpaka chini kila usiku inakufa mapema. Noah yangu ni ile ya zamani, injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo lithiamu nimeiweka nyuma kabisa chini ya kitanda. Joto linaizeesha.

Sasa paneli. Mafundi wengi watakwambia ifungwe juu ya gari. Kwetu huku sikubaliani nao. Ukifika kijijini, mwenyeji anakuonyesha mwembe au mkorosho: "Mwanangu, weka gari hapa, pana kivuli." Ana haki, bati la gari juani halilaliki. Lakini seli za paneli zimeungwa mfululizo kama wachota maji wanaopokezana ndoo. Mmoja akisimama, mstari mzima unasimama. Tawi moja tu linaiba umeme mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chake. Kwa hiyo paneli yangu haijafungwa popote. Naishusha, naiegemeza juani kwenye fremu ya mbao, na waya wa mita 10 unarudi kwenye gari. Upepo unapita nyuma yake, nalo ni jambo zuri, kwa sababu paneli ikipata joto inapunguza umeme.

Waya huo uwe wa milimita za mraba 6. Ukichukua wa 1.5 kwa umbali huo utapoteza karibu volti 2. Kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji, iwe ya aina ya MPPT, inayokamua nguvu yote ya paneli, yenye mpangilio wa lithiamu. Zile za bei rahisi, za aina ya PWM, zinaivuta paneli ya volti 18 ishuke hadi volti ya betri, na karibu robo ya nguvu inapotea. Kwenye kontrola unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Na fyuzi ikae jirani kabisa na betri, upande wa chanya. Hapo usibane matumizi: waya ukigusana bila fyuzi, gari linaungua nawe umelala ndani.

Mwezi wa sita jua letu liko kaskazini, saa sita mchana linapanda nyuzi 56 tu kutoka upeo wa macho, basi inamisha paneli kuelekea kaskazini. Mwezi wa kumi linapita utosini, ilaze tu.

Simu za wenyeji nachaji mchana pekee, betri ikishajaa. Zile saa-wati 100 zinazobaki zinatosha simu kama sita, na za makungwi zinatangulia.