Nilivyounganisha TV janja na homthieta hadi njia zote sita zikafika

Kuifikisha sauti ya TV kwenye homthieta si kazi ngumu. Kazi iko kwenye kuhakikisha inafika na njia zake zote sita, yaani sauti tofauti kwa kila spika na sabufa, kwa sababu spika za nyuma zinaweza kulia usiku kucha huku zikirudia tu kile kinachosemwa na spika za mbele. Ninachoeleza hapa nimekifanya kwa TV janja ya inchi 43 na homthieta ya 5.1, ile aina iliyoko kwenye sebule nyingi za kwetu: spika tano, sabufa moja, na deki ya DVD yenye amplifaya ndani yake.

Nilianzia nyuma ya deki, nikasoma maandishi ya kila tundu. Tundu la HDMI ndilo linalopoteza watu wengi. Kwenye deki za aina hii limeandikwa HDMI OUT, maana lilikusudiwa kupeleka picha ya DVD kwenye TV. Kama limeishia hapo, sauti ya YouTube au ya king'amuzi haitarudi kupitia waya huo hata ununue waya wa bei gani. Ili irudi, lazima pembeni ya tundu paandikwe ARC, yaani njia ya kurudisha sauti, na tundu la TV unalochomeka nalo liwe na neno hilohilo. TV yenye matundu matatu ya HDMI kwa kawaida ina moja tu la ARC. ARC iliingia na HDMI toleo la 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo deki ya zamani zaidi ya hapo usiitafutie.

Deki yangu haikuwa na ARC. Ilikuwa na OPTICAL IN, na AUX ya pini mbili, nyekundu na nyeupe. Nikachagua optiko. AUX inapitisha kushoto na kulia tu, basi. Bluetooth nayo kwa vifaa hivi ni njia mbili, tena inachelewesha sauti kiasi cha kuona mtangazaji amefunga mdomo ndipo neno lifike. Kwa muziki wa kawaida Bluetooth inatosha. Kwa filamu naikataa.

Optiko ni uzi wa plastiki unaopitisha mwanga mwekundu. Toshiba waliutoa mwaka 1983 kwa ajili ya deki za CD, yaani sauti ya njia mbili. Njia sita zikiwa ghafi haziwezi kupita humo. Zinapita zikiwa zimebanwa kwa mfumo wa Dolby Digital au DTS, kisha amplifaya ndiyo inayozifungua. Ukilishika hili, matatizo mengi utayaelewa mwenyewe: TV ikiifungua sauti yenyewe kabla ya kuituma, kinachoingia kwenye uzi ni njia mbili, na hakuna kitufe cha deki kitakachozirudisha nne zilizoachwa.

Kabla ya kuchomeka chochote nilizima vifaa vyote ukutani. Ncha za uzi mpya zina vifuniko vidogo vya plastiki inayopitisha mwanga, rahisi kutoviona; vitoe vyote viwili. Ukilazimisha plagi na kifuniko chake unaweza kuvunja kimlango cha ndani ya tundu. Kichwa cha plagi kina pembe mbili zilizokatwa, kwa hiyo kinaingia kwa mkao mmoja tu, na kikikaa sawa kinatoa mlio mdogo wa "tak". Nilichomeka upande wa TV kwanza, nikaiwasha, nikatazama ncha ya pili: ilikuwa na nukta nyekundu inayong'aa. Hicho ni kipimo kizuri kabla ya kugusa rimoti. Ncha ikiwa giza, ama TV haijaamriwa kutumia optiko, ama uzi umevunjika ndani. Uzi huu haukunjwi kwenye kona ya meza kama waya wa umeme. Niliupa mzunguko mpana nyuma ya kabati, na urefu wa mita 2 ulinitosha.

Kwenye TV kuna mipangilio miwili, na wengi huishia kwenye wa kwanza. Wa kwanza ni "Sound Output", unachagua Optical badala ya TV Speaker. Wa pili mara nyingi umefichwa ndani zaidi, chini ya "Advanced" au "Expert Settings", unaitwa "Digital Audio Out" au "Digital Output Audio Format". Hapo utakuta PCM (sauti ghafi, isiyobanwa), Auto, Dolby Digital, na wakati mwingine Pass Through (ipite kama ilivyo). Ikiwa PCM, umeshapoteza njia nne: kwenye optiko, PCM ni kushoto na kulia peke yake. Nilichagua Dolby Digital moja kwa moja. Auto hufanya kazi kwenye TV nyingi, lakini programu kama Netflix hutoa sauti yake ya 5.1 kwa Dolby Digital Plus, mfumo mpya zaidi ambao optiko haiupitishi na deki nyingi za zamani haziujui. Ukiilazimisha TV itoe Dolby Digital, inaigeuza kabla ya kuituma, na deki inaielewa.

Kwenye deki nilibonyeza FUNCTION hadi kioo kikaandika OPT. Deki nyingine huandika D.IN. Kuanzia hapo rimoti ya TV haiongezi wala kupunguza sauti. Unatumia ya deki.

Sasa kupima. Usipime kwa YouTube wala kwa taarifa ya habari, maana huko karibu vyote ni stereo. Nilifungua filamu ya Netflix yenye alama ya 5.1, nikahakikisha kwenye orodha ya lugha za sauti nimechagua ile yenye 5.1 pembeni, kisha nikatazama kioo cha deki. Kikiandika Dolby Digital bila 2.0 pembeni, kwa kawaida njia sita zimefika. Kikiandika PCM au 2.0, rudi kwenye mpangilio wa pili wa TV.

Kipimo cha pili ni cha sikio. Kwanza zima madoido yote ya deki, hasa Pro Logic, ambayo kazi yake ni kutengeneza sauti za nyuma kutoka kwenye stereo. Halafu inama mpaka sikio liwe karibu na spika ya nyuma wakati watu wawili wanazungumza kwenye filamu. Mazungumzo yakisikika hapo kwa ukubwa uleule wa mbele, unasikiliza nakala. Ikiwa sauti ni ya kweli, kwa sehemu kubwa ya mazungumzo spika ya nyuma iko kimya au ina mvua, upepo na magari yanayopita, na mazungumzo yametulia kwenye spika ya katikati chini ya TV. Mtu aliyezoea kusikia spika zote zikipiga kelele pamoja anaweza kudhani za nyuma zimeharibika. Hapana, ndivyo filamu ilivyochanganywa.

Kwa filamu za kwenye flashi kuna kasoro yake. Mafaili mengi ya mkv, aina ya faili la filamu, sauti yake imebanwa kwa DTS, na TV kadhaa hazifungui DTS wala kuipitisha: picha inakuja, sauti hakuna, na ujumbe unatokea kwamba mfumo huo wa sauti haukubaliki. Spika hazina kosa. Nilichomeka flashi hiyo kwenye USB ya deki yenyewe, ambayo ilijua DTS, sauti ikatoka. Kama deki yako haisomi mkv, tafuta nakala yenye AC3, ambalo ni jina jingine la Dolby Digital.

Kwenye nyumba zenye deki ya ARC utaratibu wangu ni huu. Nachomoa TV na deki kwenye umeme kwa dakika mbili, nachomeka HDMI kwenye tundu la ARC pande zote mbili, nawasha deki kwanza, halafu TV, kisha nawasha CEC. CEC ndiyo inayoviwezesha vifaa kuzungumza, na kila kampuni imeipa jina lake: Samsung wanaiita Anynet+, LG ni SimpLink, Sony ni Bravia Sync. Ikizimwa, kwenye TV nyingi ARC nayo inakufa. Deki nyingine zina swichi yake ya ARC ndani ya menyu, na hiyo lazima iwe ON. Faida unayoipata ni rimoti moja. Kwa 5.1 ya kawaida usilipie zaidi kutafuta eARC. Hiyo ilikuja na HDMI 2.1 na inamfaa mwenye amplifaya kubwa inayotaka sauti isiyobanwa.

Kama ulichonacho ni sabufa ya AUX peke yake na TV haina tundu la hedifoni, utahitaji kisanduku cha kugeuza optiko kuwa pini nyekundu na nyeupe. Visanduku vidogo vya bei nafuu vinaelewa PCM tu. Hapo ushauri wangu wa juu unageuka: weka TV kwenye PCM, la sivyo utapata kimya au mkwaruzo mkali unaoweza kuumiza spika. Kuna sabufa za 5.1 zenye pini sita nyuma, na hizo zina kisanduku chake kinachofungua Dolby na kutoa njia sita. Angalia kina matundu mangapi ya kutoa sauti kabla hujatoa hela.

Nyaya za spika zinastahili muda wako. Kila waya una upande wenye mstari au maandishi, na upande huo uende kwenye alama ileile kwa amplifaya na kwa spika. Ukigeuza spika moja, italia kama kawaida, lakini besi itapungua na sauti ya katikati itakosa mahali pa kukaa. Spika ambayo alama zake zimefutika niliipima kwa betri ya 1.5 V: niliitoa kwenye amplifaya, nikafungua kitambaa cha mbele, nikagusisha nyaya kwenye betri kwa sekunde moja. Koni ikiruka kwenda nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Ikinyonywa ndani, geuza. Sisi wa pwani tuna jambo la ziada, hewa ya chumvi: ncha za shaba zinaota ukungu wa kijani na mgusano unakuwa dhaifu. Kata sentimita moja au mbili, menya upya, sokota vizuri, na angalia unywele wowote wa shaba usiguse tundu la jirani, kwa sababu hapo ndipo amplifaya zinapoungua.

Spika za nyuma zikae ubavuni mwa kochi na kurudi nyuma kidogo, juu ya usawa wa masikio. Kochi likiwa limegusa ukuta, za ubavuni kabisa zinafaa kuliko za juu kwenye kona. Kisha ingia "Speaker Setup" kwenye deki uweke umbali wa kila spika. Sauti inasafiri mita moja kwa takriban milisekunde 3. Spika za mbele zikiwa mita 3 na za nyuma mita 1.5 kutoka ulipo, za nyuma zinatangulia kwa zaidi ya milisekunde 4 na zinavuta sikio. Ukiandika umbali halisi, deki inazichelewesha. Sabufa niliitoa kwenye kona. Kwenye chumba cha ukuta wa tofali na sakafu ya vigae, kona inaivimbisha besi mpaka maneno hayasikiki. Zulia na pazia zito vilisaidia kuliko kitufe chochote.

Mngurumo wa "mmmm" usiokoma ni umeme wa 50 Hz unaozunguka kwenye nyaya za ardhini za vifaa viwili. Optiko yenyewe haiwezi kuuleta, kwa kuwa haina shaba. Ukiusikia, chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi: ukinyamaza, umeingilia huko. Weka king'amuzi, TV na deki kwenye ekstensheni moja, na kama umebaki, fungia kitenganishi cha ardhi (ground loop isolator) kwenye waya wa AUX. Mguu wa ardhi wa plagi usiukate kamwe.

Mwisho nilioanisha midomo na maneno. TV huchukua muda kusafisha picha, kwa hiyo mara nyingi sauti inatangulia. Tafuta mtu anayezungumza akitazama kamera, angalia herufi ambazo midomo inagusana, p, b na m, kisha ongeza "A/V Sync" ya deki milisekunde 10 kwa 10 hadi midomo na mlio vikutane. Kwangu ilikaa kwenye 60. Mpangilio huu unaweza kuchelewesha tu, hauwezi kuwahisha. Kama sauti ndiyo iliyochelewa, rudisha deki kwenye 0, kisha tafuta "Audio Delay" kwenye TV nayo uishushe. Ikigoma, jaribu PCM kwa muda: ikilingana, ujue TV inachelewa inapogeuza Dolby Digital Plus, na programu ya aina hiyo ni bora uitazame kupitia kifaa cha nje kinachotoa Dolby Digital chenyewe.