Mwalimu au kitabu?

Nimetoka sasa hivi kwenye mjadala, bado kichwa kinanichemka.

Swali lilikuwa hili: anayemtafuta Mungu anahitaji mwalimu aliye hai, au maandiko yanatosha?

Dada mmoja alishikilia kitabu. Kitabu hakizeeki, hakidai sadaka, hakitaki kuabudiwa. (Tukacheka, maana walimu wa namna hiyo tunawajua.) Akatukumbusha Masingasinga: mwaka 1708 Guru Gobind Singh, mwalimu wao mkuu, hakumteua mtu wa kumrithi. Uguru wote, yaani nafasi ya mwalimu mkuu, aliuacha kwa maandiko yao, Guru Granth Sahib.

Hoja nzito. Ingawa hata huko wapo wanaoyasoma kwa sauti na kuyafafanua.

Kisha mzee mmoja, kimya muda wote, akaomba asome Zaburi ya 23.

Alipofika kwenye bonde la uvuli wa mauti, akasimama. Akavuta pumzi. Tukangoja, tukangoja, ndipo akaendelea.

Zaburi hiyo naijua kwa moyo tangu utotoni, na siku zote bonde lile nalipita mbio! Leo nililiogopa kidogo.

Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini umesimama pale?"

"Ndivyo mwalimu wangu alivyokuwa akisoma."

Mwalimu mwenyewe alishafariki zamani. Na kituo kile hakijachapwa popote kwenye ukurasa.

Kwa hiyo mimi nimeegemea upande wa mwalimu, ila yule wa kukurudisha kwenye kitabu, si wa kukaa mbele yake.

Ninyi je? Nani alikufundisha kusoma unachokiamini, au ulijisomea mwenyewe? Semeni, nasoma zote.